Bafta ya Mama

Ujiji

Mdogo wangu Mwajuma,

Bafta ya mama niliichukua mimi. Nimeliandika hili kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitakuuliza habari za mvua, nitakuuliza habari za mguu wako, karatasi itajaa, nami nitaikunja na kuitia kwenye bahasha nikiwa sijasema kitu, kama nilivyofanya katika barua zote nilizokuletea tangu nihamie huku. Sasa limeshaandikwa kwa wino.

Haya, nikusalimu. Pokea marahaba yangu, maana najua shikamoo ilikutoka mdomoni ulipouona mwandiko wangu juu ya bahasha. Kama umeshasoma mstari wa kwanza na ungependa kuirudisha, irudishe, sitanuna. Huo mguu wa kushoto umepata nafuu, au bado unaupaka mafuta ya nyonyo na kuwadanganya wanao kwamba ulikwenda hospitali? Kisima kimerudisha maji? Mjukuu wako Rukia aliniambia kwenye simu kwamba mnanunua maji kwa madumu, nikasikitika, maana kile kisima alikichimbisha baba.

Mimi nipo. Miguu imejaa maji, viatu vimenishinda, nakwenda na kandambili hata msikitini siku ya Ijumaa. Daktari kijana wa hapa alimweleza binti yangu Asha habari zangu nje ya mlango, akidhani masikio nayo yamechoka kama moyo. Hayajachoka. Nilisikia yote. Sikuambii haya ili unionee huruma, nakuambia ili ujue kwa nini sikungoja kuja mwenyewe. Treni ya kuja Tabora siiwezi tena. Nikifika Kaliua watanishusha kwa machela.

Kwa simu nilijaribu. Ulipokea, nikasikia watu wengi nyuma yako, nikajua umeweka sauti ya juu kama kawaida yako, nikaishia kuuliza bei ya mchele.

Zuhura, mtoto wa Asha, ndiye anayenikalisha dirishani kila siku, kwenye cherehani yangu ileile. Binti huyu anakwenda sokoni siku ya kufungua robota la mitumba na kuchagua yale ambayo wenzake wanayaruka: mashati ya wanaume wanene, mapazia, magauni yaliyo wazi mabegani. Shati analitoa kola, mikono anaigeuza mifuko, linatoka gauni la mtoto. Suruali za jinzi zinakuwa mikoba. Anazipiga picha, anaziweka kwenye simu, wateja wanakuja. Kazi yangu mimi ni kufumua. Mikono inatetemeka nikishika kalamu, kama unavyoona, lakini nikishika wembe na mshono wa zamani inatulia, sijui kwa nini.

Juzi juzi Zuhura aliharibu. Muuguzi mmoja alimletea gauni la mtumba lipandishwe kiuno na kupunguzwa chini. Zuhura akakata pindo kwanza, akasahau kwamba kiuno kikipanda na pindo nalo linapanda. Alipomaliza, gauni la mama wa watu liliishia juu ya magoti. Nikamwita, nikashusha sauti, nikaanza kumfundisha ufundi wangu: tafuta kitambaa cha rangi inayokaribia, weka marinda chini, ukiulizwa sema huo ndio mtindo wa sasa. Akaniangalia kama mtu asiyenielewa.

“Babu, nimeshampigia,” alisema. “Nimemwambia nimelikata vibaya.”

Nikamuuliza yule mama amesemaje.

“Kacheka. Kasema niweke lesi, na siku ya kuja kulichukua akute soda baridi.”

Akaendelea kukanyaga cherehani. Kwake lilikuwa jambo la kupita. Mimi chai ilinishinda, nikaiacha ikapoa kikombeni.

Kesho yake ndipo ulipopiga kunieleza habari ya posa. Nilivyokuelewa, wazee wametoka Ipole wakaja kukaa ukumbini kwako, wakaleta asali na maneno mazuri, wakimposea Rukia kijana anayeitwa Shabani. Kijana ana kazi, anafungasha asali na kuipeleka hadi Dar es Salaam, na Rukia mwenyewe anamtaka. Wewe ulikuwa umekwisha kuridhika mpaka ulipouliza jina la mama yake, wakakuambia ni Nyamizi. Maneno uliyoniambia baada ya hapo nayakumbuka kama yalivyo. Ulisema, “Mtoto wa mwizi wa sanda hatakanyaga ukumbi wa mama. Wewe ndiye mkubwa wetu, kaka. Sema neno niwajibu.”

Nikakuambia nipe muda. Neno langu ndilo hili.

Habari ya bafta unaijua kuliko mimi, lakini naieleza tangu mwanzo ili Rukia naye akiisoma barua hii aelewe kwa nini bibi yake anaikataa posa. Rukia, mama yetu alikuwa na sanda yake mwenyewe, kama walivyokuwa nayo wanawake wengi wa rika lake pale mjini. Ilikuwa bafta nyeupe, kitambaa cha pamba cha kutosha sanda moja, aliyoinunua kwa jasho la vitumbua vyake. Jirani yetu mmoja alipokwenda kuhiji, mama alimkabidhi ile bafta aende nayo, akaichovya katika maji ya Zamzam, akaianika, akairudisha. Tangu siku hiyo ilikaa sandukuni pamoja na karafuu, pamba na kichupa cha manukato. Kila Ijumaa mama alifungua kifuniko, akaigusa kwa kiganja, akafunga. Hakuwa na dhahabu wala nyumba ya kupangisha. Alikuwa akisema kwamba hata akifa hana kitu, ataingia kaburini na maji ya Zamzam mwilini.

Nyamizi alikuwa msichana tuliyemlea. Baba yake alikuwa mrina asali wa Ipole, rafiki wa nyumba yetu, akamleta asome mjini. Mwajuma, wewe ulikuwa umeshaolewa lakini ulikuwa kila siku upo pale, unakumbuka jinsi alivyomhudumia mama. Alimpikia uji, alimsugua mgongo, na funguo za sanduku alikuwa nazo yeye. Mimi nilikuwa mwalimu, na jioni nilikuwa fundi wa mitumba kwenye chumba cha mbele.

Ufundi ule ulinipa kiburi kuliko ualimu. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na kitabu cha kukatia nguo chenye michoro, na nilikuwa nikipita kwenye baraza ya mafundi sokoni nikiwasahihisha. Nilimwambia fundi Maganga mbele ya wateja wake kwamba anakisia, hapimi. Maganga hakukasirika. Alitoa sindano mdomoni akasema, “Mwalimu, nguo haisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Siku utakayokata vibaya utakuja hapa tukupe kigoda.” Baraza nzima ikacheka. Nami nikajiapiza kwamba siku hiyo hawataiona.

Ikaja harusi ya mtoto wa yule mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa akisimama safu ya mbele msikitini. Kijana alikuwa amepata kanzu ya mtumba iliyotoka Arabuni, kitambaa ambacho madukani kwetu hakikuwepo, imefuliwa mara nyingi mpaka weupe wake umekuwa wa maziwa. Ilimbana shingo. Wangeweza kuipeleka kwa Maganga, wakaileta kwangu, kwa mwalimu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kurefusha kidogo mpasuo wa kifuani na kupanua kwapa.

Nilikuwa nakata huku naongea. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji, nami namweleza jinsi mafundi wa sokoni wanavyoharibu nguo za watu kwa haraka. Nililaza kanzu mezani, nikanyoosha kifua, nikapitisha mkasi. Nikasikia mkasi mzito. Nyamizi akasema kwa upole, “Mwalimu, umeshika na mgongo.”

Niliinua ile kanzu. Nilikuwa nimekata mikunjo miwili kwa pamoja, kifua na mgongo. Mwajuma, kanzu inaweza kuwa na kiraka popote isipokuwa mgongoni. Bwana harusi anasali safu ya mbele, na msikiti mzima uko nyuma yake unamtazama mgongo. Dawa ilikuwa moja tu, kuutoa mgongo wote na kuweka mwingine. Nilizunguka maduka yote ya Wahindi na ya Waarabu. Bafta ilikuwepo, lakini mpya, nyeupe ya kung'aa, ina ubuluu. Ukiiweka karibu na ile kanzu ni kama umemvika mtu nguo mbili. Nilijaribu kuichovya kwenye chai. Ikawa ya manjano.

Nilijua kitambaa kimoja tu chenye umri wa kanzu ile.

Nilifanya mchana, mama akiwa kwako na Nyamizi akiwa bombani. Funguo zilikuwa juu ya mtungi. Nilisema moyoni kwamba nitakata kipande ninachokihitaji, na kwamba hujaji wa kwanza atakayeondoka mjini nitampa bafta nyingine aichovye Makka, na mama hatajua. Nilipokwisha kukata nikaona kilichobaki hakitoshi sanda, na ukingo wenye makali ya mkasi utaonekana. Nikakitoa chote. Nilikuwa na mashuka mawili meupe ya mtumba. Nikayafumua pindo, nikayachemsha, nikayakunja vilevile mama alivyokuwa akikunja, nikaweka karafuu zake juu.

Kanzu ilipona. Nilishona mgongo ule vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Siku ya nikaha nilikaa safu ya tatu, bwana harusi mbele yangu, na kila alipoinama nilikuwa naitazama sanda ya mama yangu. Baada ya sala fundi Maganga alikuja kunipa mkono. Alisema hajaona kazi kama ile, na kwamba maneno ya kigoda niyasahau. Nilimshukuru.

Ijumaa iliyofuata mama alifungua sanduku. Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini nasahihisha madaftari. Alikaa na mkono wake mle ndani muda mrefu kuliko siku zote, kisha akaniambia, “Kitambaa changu kimelainika.” Nikamjibu, bila kuinua uso, kwamba ni joto la sanduku. Akasema, “Labda.” Akafunga. Aliendelea kuyagusa yale mashuka kila Ijumaa mpaka alipolala asiamke, na hujaji wa kwanza alikuwa hajaondoka.

Siku ile wewe ulikuwa ndani na waoshaji. Nakumbuka ulivyotoka mpaka mlango wa uani ukiwa umeshika ncha ya shuka, hulii, umekauka macho. Ulisema, “Hii imewahi kushonwa. Ina matundu ya sindano.” Ukaupitisha ule ukingo mbele ya wanawake wote wauone. Mtu akatumwa dukani, mama akazikwa kwa bafta ya siku hiyohiyo, ngumu, bado ina gundi ya kiwandani. Nami nilikuwa na kipande cha bafta yake kwenye begi langu la shule, chumba cha pili. Kisingetosha sanda nzima, lakini kingeweza kumfunika kichwa. Sikukitoa. Kukitoa kulikuwa ni kusema.

Kisha mjomba Hamisi akaingia kutoka barazani akasema kwamba mtu mwaminifu amemwona Nyamizi sokoni na kifurushi cheupe, anazungumza na muuza vitambaa. Ulimuuliza ni nani aliyeona. Akasema amepewa kwa amana, hatamtaja, na mjomba alikuwa mtu wa kutunza amana, alikwenda nayo kaburini. Ninyi mlidhani ni mmoja wa mafundi wa barazani. Nyamizi alipoitwa alisema neno moja tu, kwamba hakuchukua. Alikuwa na funguo. Hilo lilitosha.

Baba yake alikuja kumchukua siku ya tatu ya matanga. Yule kijana wa Isevya aliyekuwa akimtaka alikuwa ameshatuma watu kusema asubiriwe, atakuja kumposa, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Mimi nilisimama kibarazani kama mwenye nyumba. Nyamizi alipita na sanduku lake la bati kichwani, akalitua, akapiga goti. “Shikamoo, mwalimu.” Nikaitika marahaba. Nimefundisha watoto wengi wakanisalimia maisha yangu yote, lakini salamu ile ndiyo ninayoisikia.

Na ule uhamisho wa kuja Kigoma haukuwa kupandishwa cheo, kama nilivyowaambia. Niliuomba. Niliandika barua tatu kuuomba. Nilikuwa siwezi tena kupita karibu na sanduku.

Sasa sikia ninalotaka, Mwajuma, na ulitende hata kama hutaki tena kunisikia. Wajibu wazee wa Ipole kwamba posa imekubaliwa. Kama unalo jambo jingine la kumkataa kijana, mkatae kwa hilo, ni haki yako na ya baba yake Rukia, lakini usimkatae kwa sanda. Kisha panda gari uende Ipole mwenyewe, usitume mtu. Mguu ukikusumbua nenda hivyohivyo. Umwambie Nyamizi mbele ya mumewe na majirani zake kwamba umekuja na barua yangu, uisome yote kwa sauti. Usiruke mahali kwa kunionea haya.

Anayekuletea barua hii ni shemeji yake Asha, anayefanya kazi relini. Amebeba pia kifurushi. Ndani yake ni kipande kilichobaki. Nimekaa nacho miaka yote hii, sikuweza kukishona na sikuweza kukitupa. Zuhura alikiona akauliza kama akate fulana za ndani za mtoto, nikamfokea, maskini, bila kumwambia kwa nini. Kifanye utakavyo. Ninaloomba ni kwamba nikifa mtu asikilete huku kunifunikia.

Nisalimie mume wa marehemu dada yetu, mwambie dawa aliyoniletea ya kifua niliimaliza na imenisaidia. Nisalimie mwanao mkubwa na mkewe, na yule mke mwenza wake anayeuza dagaa, mwambie deni la utani bado lipo. Msalimie jirani wa kisimani. Mpe Rukia salamu za babu yake mkubwa, umwambie nilitamani kumshonea nguo ya harusi mwenyewe, ila sasa ni afadhali aipeleke kwa mtu mwingine. Asha na Zuhura wanakuamkia.

Sikuombi unisamehe kwenye simu. Ukipiga, Asha ataniletea, nami nitalia, nawe utanihurumia kwa sababu ya kulia. Kaa kwanza.

Ni mimi kaka yako,
Idi

Nimekwisha kutia jina, nikaisoma tena, nikaona bado nimedanganya. Nimeandika kana kwamba kosa langu siku ile lilikuwa kunyamaza tu. Mjomba Hamisi hakuambiwa na fundi wala na mtu yeyote wa sokoni. Hakuna aliyemwona Nyamizi na kifurushi. Mliporudi ndani na lile shuka kumaliza kumwosha mama, mimi ndiye niliyemwita mjomba pembeni ya ukuta wa uani, nikamshikisha amana asinitaje, nikamwambia nimemwona kwa macho yangu. Nilimtaja Nyamizi kwa sababu ndiye peke yake ambaye angeweza kujua ni mimi.